Jua lawaka Funyula, maji yaingia nyumbani

WATU wengi wa mjini huamini kuwa mafuriko huletwa na mvua inayowanyeshea wao wenyewe. Mwenye imani hiyo na afike Funyula, kusini mwa Busia, kisha ateremke hadi Sio Port.

Kaunti ya Busia hupata mvua ya kati ya milimita 760 na 2,000 kwa mwaka, na sehemu iliyo kavu zaidi ni hiyo hiyo ya ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mkulima wa huko aweza kuona mtama wake ukinyauka huku kinamasi cha mafunjo cha Sio-Siteko kikimsogelea mlangoni. Maji hayo yametoka mbali. Mto Sio huyaleta kutoka pande za Mlima Elgon, na likijaa ziwa, mto hukosa pa kuyamwaga.

Kwa hiyo kipimamvua cha Funyula pekee hakitoshi. Ni kopo tu lenye faneli, lakini lina masharti: husomwa kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili pia, na hata siku ya ukavu huandikwa sufuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Wanafunzi, pigeni hesabu: paa la mita sita kwa tano likinyeshewa milimita 20 hutiririsha lita 600, yaani madebe 30!

Mto nao hupimwa kwa ubao wenye alama uliosimikwa majini. Ziwa ndilo lenye hila, kwani hupanda polepole na lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile kule Jinja, Uganda. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilinyesha kote kulizunguka, na juu yake lenyewe. Kufikia Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikipita rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Familia za ufuoni zilihama, nyingine jua likiwa linawaka, na vyoo vikamezwa na maji yale yale ya kunywa.

Rekodi ile ya 1964 ilifuata mvua za 1961, ambazo wazee wa ziwani hawajazisahau. Anayetafuta kiwanja Sio Port awaulize kwanza maji yalikomea kwenye mti gani.