Je, Wajua? Uzi Usiosokotwa

Mpenda kufuma anayefika Basoko na familia yake, pale mto Aruwimi unapoingia mto Kongo, asitafute duka la sufu peke yake. Nyuzi za kale za nchi hii hutoka msituni.

• Mwale, yaani mti wa rafia, ndio wenye majani marefu kuliko mimea yote duniani. Aina moja ya Afrika ya Kati, *Raphia regalis*, huwa na majani yanayofikia mita 25.

• Uzi wa rafia hausokotwi. Jani changa hukatwa kabla halijakunjuka, ngozi yake nyembamba hubanduliwa, huanikwa, kisha huchanwa. Urefu wa uzi ndio mpaka wa kitambaa, hivyo nguo kubwa hushonwa kwa vipande vingi.

• Kwa Wakuba wa Kasai, mwanamume hufuma kitambaa cha rafia, mwanamke hukitarizi.

• Katika msitu wa Ituri, ambako Aruwimi hutokea, wanaume wa Kimbuti huponda gome la mti mpaka lilainike kuwa nguo, na wanawake hulichora.

• Pamba nayo ina makao yake: kiwanda cha Sotexki mjini Kisangani kimejulikana kwa vitenge vyake.

Ukikutana na fundi wa rafia, omba watoto wako wamtazame akichana nyuzi, kisha nunua kazi mkononi mwake. Ufundi hudumu pale unapomlisha mwenyewe.