Kinachomtoa mama yangu kitandani saa 11 alfajiri

Miaka miwili iliyopita mama yangu alirudi kutoka kliniki na majibu yaliyotutisha. Presha ilikuwa juu. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na atembee angalau nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Kesho yake mdogo wangu alimnunulia raba, mimi nikamwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua.

Alitembea siku 12. Siku ya 13 mvua ilinyesha, ya 14 kukawa na msiba mtaa wa pili, na baada ya hapo raba zikahamia chini ya kabati la vyombo.

Mimi ninayeandika habari za afya nikafanya kosa la watoto wengi tuliosoma: nikaanza kumhubiria mzazi. Nilimtajia kiharusi, nikamtajia figo. Kila nikipiga simu, swali la pili lilikuwa mazoezi, mpaka siku moja akaniambia, "Mwanangu, nisalimie kwanza." Na niseme ukweli, wakati huo huo mimi nilikuwa nimelipia jimu miezi mitatu, nikaenda mara tisa.

Hatuko peke yetu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa mwaka 2022 karibu watu wazima bilioni 1.8 duniani, sawa na asilimia 31, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa. Kiwango chenyewe si cha kutisha: dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, mfano kutembea haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda.

Kwa hiyo shida si kutojua. Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, tuliambiwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Ujumbe ulitufika. Tunajua, na bado tumelala.

Hofu huisha haraka

Presha kwa kawaida haiumi. Ukitembea leo huoni kilichobadilika, ukilala huoni kilichoharibika. Faida iko miaka mbele, uchovu uko hapa hapa. Ndiyo maana hofu ya daktari humtoa mtu nje wiki mbili, kisha inapoa.

Hata kupungua mwili, sababu inayotajwa sana, si mtaji mzuri. Michelle Segar na wenzake nchini Marekani walifuatilia wanawake wa umri wa kati, wakaona waliofanya mazoezi kwa ajili ya uzito na umbo walishiriki kidogo kuliko wenye malengo mengine, kama kujisikia vizuri na kupunguza msongo wa mawazo. Ina maana. Mizani hukawia kusogea, lakini kichwa chepesi baada ya kutembea unakipata asubuhi hiyo hiyo.

Hapa wazazi tujitazame. Shuleni wengi wetu tulizungushwa uwanja kwa sababu ya kuchelewa, tukapigishwa pushapu kwa sababu ya kelele. Mwili ukajifunza kuwa mazoezi ni adhabu. Lakini mchakamchaka wa alfajiri, ule wa nyimbo, wengi tunaukumbuka tukicheka. Umbali pengine ulikuwa ule ule.

Jirani

Kilichomrudisha mama barabarani hakikuwa makala zangu. Alikuwa jirani yake, mwenzake wa kikoba, mwenye sukari. Asubuhi moja saa 11:30 aligonga geti: "Jirani, toka, kumekucha!" Mama anasema alitoka kwa aibu tu. Wakatembea wakizungumza mikopo na wakwe, na aliporudi alishangaa kumbe saa nzima imepita.

Sasa wako watano. Asiyetokea anapigiwa simu, si kwa kukaripiwa, bali kujua kama kuna mgonjwa nyumbani. Pia hakuna mwanamke anayetembea gizani peke yake, na kwa mitaa yetu yenye vibaka na mbwa hilo si jambo dogo.

Klabu za jogingi za Dar es Salaam zimelijua hili zamani. Jumapili asubuhi utazikuta Temeke, Mbagala na kwingineko, sare mwilini na nyimbo mdomoni, na wanachama huchangiana kwenye misiba na sherehe. Anayeacha kukimbia anapoteza watu, si mbio tu.

Zawadi je? Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanachama zaidi ya 61,000 wa jimu nchini Marekani, waliojaribiwa kwa mbinu 54 za wiki nne. Iliyoongoza ilikuwa ya kumpa pointi za senti chache mtu aliyekosa siku moja akarudi. Hata hivyo, mbinu nyingi ziliacha kufanya kazi baada ya wiki hizo nne.

Mimi nimechukua hiyo ya kurudi. Mama hakushindwa kwa sababu ya mvua ya siku ya 13. Alishindwa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumrudisha siku ya 15. Watafiti wa London waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 wakiongozwa na Phillippa Lally walikadiria kuwa tabia mpya huchukua kati ya siku 18 na 254 kuzoeleka, siku 66 zikiwa katikati. Kukosa siku moja hakukuharibu safari.

Najua mama mwenye mtoto wa miezi sita hawezi kutoka saa 11:30, na baba anayewahi daladala ya kwanza naye hivyo hivyo. Kwa hao, kumpeleka mtoto shule kwa miguu kunahesabiwa. Kucheza naye rede uwanjani kunahesabiwa, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa hiyo mnapata wote. Mwenye presha, sukari au tatizo la moyo amuulize daktari kwanza, na maumivu ya kifua yakianza usiendelee, nenda hospitali.

Mwezi uliopita nilikwenda kulala kwa mama. Jirani alikuwa amesafiri Tanga kwenye harusi, nikajua siku hiyo tutalala. Saa 11:20 nikasikia komeo la geti. Mama alikuwa anakwenda kuwagongea wengine. Kabla ya kutoka alichungulia chumbani akaniuliza raba zangu ziko wapi.