Kitabu Kisichoachwa Nyuma Siku ya Uhamisho

Askari apokeapo barua ya uhamisho, nyumba nzima hufunga mizigo. Vyombo hupakiwa, mikeka hukunjwa, lakini kitabu cha hadithi alichokiazima mtoto hapana budi kirudishwe maktabani, ajapokuwa hajakimaliza. Huko aendako huenda asikione tena.

Siku hizi kitabu cha elektroniki chaweza kupunguza hasara hiyo. Tangu mwaka 2014, mradi wa African Storybook hutoa kwenye intaneti hadithi za picha za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili na Kiganda. Hazilipiwi. Kila mtu ameruhusiwa kuzisoma, kuzichapa na hata kuzitafsiri. Tena zimepangwa kwa viwango, kuanzia maneno machache chini ya picha hadi aya ndefu.

Hapa Uganda maktaba za umma huendeshwa na serikali za mitaa, na sheria ya mwaka 2003 iliunda Maktaba ya Taifa ili izisimamie. Maktaba yenye kompyuta na mtandao yaweza kuwafaa watoto wengi kwa hadithi moja, bila kungojeana wala karatasi kuchanika. Mzazi naye aweza kuipakua hadithi hiyo kwenye simu yake, ikasomwa kambini hata pasipo mtandao.

Faida nyingine yawahusu walio mbali. Tangu askari wetu walipopelekwa Somalia kwa mara ya kwanza, Machi 2007, watoto wengi wamemngoja baba au mama kwa miezi mingi. Mzazi huyo akiwa na hadithi ileile aliyo nayo mwanawe, aweza kumpigia simu jioni wakaisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Hata hivyo, tusimkabidhi mtoto simu tukaondoka. Baada ya dakika chache ataiacha hadithi na kufuata michezo. Keti naye, mwache asome kwa sauti, umwulize kisa kimeishaje. Asiyejua kusoma vizuri asione haya. Mtoto amsomee mzazi.

Basi Jumamosi hii, mwenye maktaba karibu ampeleke mwanawe, amwombe mkutubi amwonyeshe hadithi zinazolingana na umri wake. Barua ya uhamisho ikija, hadithi zilizomo simuni zitasafiri pamoja naye.