Bustani ya Dirishani: Kuotesha Mboga Pasipo Udongo

Nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni hazina kiwanja. Mtu apanga chumba kimoja au viwili. Nje ni uchochoro wa kupita watu, na penye udongo kidogo ni mchanga wa pwani usioshika maji wala rutuba. Mama mwenye nyumba akitaka fungu la mchicha hana budi kulinunua, na siku asipokuwa na fedha watoto hula ugali na dagaa pasipo majani mabichi. Kwa ajili ya nyumba za namna hiyo twataka kueleza kazi ya kuotesha mboga ndani ya nyumba, karibu na dirisha, katika chombo cha maji pasipo udongo. Kazi hii yaitwa haidroponiki.

Twasema tangu mwanzo kwamba dirisha moja halilishi jamaa nzima. Walakini laweza kutia majani mabichi katika sufuria mara kwa mara, na kuwaonyesha watoto jambo ambalo udongo huwaficha, yaani kazi ya mizizi.

Je, mmea waweza kuishi bila udongo? Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alitangaza jinsi alivyootesha mnanaa katika vyombo vya maji. Mmoja aliupa maji ya mvua, mwingine maji ya mto Thames, na mwingine maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani, kisha akaipima. Mnanaa wa maji ya mvua ulikua kidogo, na ule wa maji yenye udongo ulikua zaidi. Akatambua ya kuwa mmea hauishi kwa maji peke yake. Karibu na mwaka 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliyeyusha chumvi za namna mbalimbali katika maji safi, na mimea ikakua. Mwaka 1937 William Gericke, wa Chuo Kikuu cha California, aliitangaza kazi hii kwa jina lililotokana na maneno mawili ya Kiyunani: maji na kazi.

Basi neno kuu ni hili: mmea hauhitaji udongo wenyewe, bali wahitaji vitu ambavyo udongo huupa, ndivyo maji, hewa ya mizizi, chakula, na mahali pa kujishika. Anayeuondoa udongo ameichukua kazi yake yote mikononi mwake. Udongo ni mtumishi mvumilivu. Ukisahau kumwagilia, huweka unyevu kwa muda. Ukizidisha mbolea kidogo, huishika. Maji hayana uvumilivu huo.

Kwanza, chombo. Dumu la lita 5 la mafuta ya kula lafaa, au ndoo ndogo yenye kifuniko. Kisitumike kamwe chombo kilichotiwa dawa ya wadudu au mafuta ya mashine. Lipakwe rangi au lizungushiwe kitambaa cheusi, maana mwanga ukiingia, maji hufanya utando wa kijani ambao hula chakula cha mmea. Katika kifuniko toboa tundu, ukae humo kikombe chenye matundu chini, ukijaze nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kusuuzwa mara nyingi, kwa kuwa makumbi huwa na chumvi. Humo ndimo mche hujishika.

Maji yaguse sehemu ya chini ya kikombe tu. Mmea ukinywa, maji hushuka, na nafasi ya hewa hubaki juu yake. Mizizi ya juu hupumua na ya chini hunywa. Njia hii ilielezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nayo haitaki pampu wala umeme. Maji yakikaribia kwisha, ongeza kidogo, wala usijaze tena hata juu, kwa maana mizizi iliyozoea hewa huzama na kuoza.

Pili, mwanga. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo tangu Machi hata mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi mingine hupita upande wa kusini. Mwenye dirisha la kaskazini apande katikati ya mwaka. Mwenye la kusini angoje Desemba. Dirisha la mashariki ni jema siku zote. La magharibi hutia joto kali alasiri, na maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Pazia na wavu wa mbu hupunguza mwanga. Basi chombo kiwekwe karibu kabisa na dirisha, nacho kigeuzwe kila siku. Mche ukirefuka, ukawa mwembamba na kupauka, walilia mwanga, si mbolea.

Tatu, chakula. Wengi hukosea hapa, kwa kudhani kila mbolea yafaa. Urea haifai, kwa sababu yategemea vijidudu vya udongoni viibadilishe kwanza. Majivu hayatoshi, maana nitrojeni ilikwisha kwenda na moshi. Samadi huoza ndani ya maji na kunuka nyumba nzima. Yapasa kuulizia katika duka la pembejeo mbolea iliyotengenezwa kwa kilimo cha maji, na kuipima kama ilivyoandikwa, pasipo kuzidisha. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya pwani vina chumvi, yaonje kwanza.

Anayeanza na aanze na matembele. Kata ncha ya mti wake yenye vifundo vitatu au vinne, itie majini, na baada ya siku chache utaona mizizi myeupe. Hapo ndipo chakula kitiwe. Mchicha huoteshwa kwa mbegu katika makumbi yenye unyevu, nao huweza kuchumwa baada ya majuma 3 au 4 ukipata mwanga. Ukikata kilele na kuacha majani ya chini, huchipua tena.

Sasa twafika penye hatari. Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo, hupenda maji yaliyotuama katika vyombo vya nyumbani, naye huuma mchana. Homa hiyo iliuvamia mji wa Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Tangu yai hata mbu kamili huweza kuwa siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo kifuniko kisiwe na mwanya hata kidogo, na kila Jumamosi chombo kikaguliwe. Ukiona viluwiluwi, mwaga maji yote juu ya nchi kavu, usugue kuta za chombo, kwani mayai hushikamana nazo. Asiyeweza kufunika na kukagua, afadhali asiwe na bustani hii. Kichanga alalaye chumbani ni wa thamani kuliko fungu la mchicha.

Faida moja kubwa ni uchache wa maji. Mwezi wa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua, mgao wa maji ukatangazwa mjini, na watu wakapanga foleni na ndoo. Katika chombo kilichofunikwa, maji karibu yote yaliyomo hunywewa na mmea, hayazami mchangani.

Kabla ya kuongeza vyombo, mwenye nyumba aandike katika daftari gharama zake na mafungu aliyovuna kwa miezi miwili. Gharama zikizidi mavuno, atafute udongo mzuri wa kujaza ndoo moja, apande humo matembele. Hiyo nayo ni bustani, wala si haya.

Nanyi walimu, chukueni chupa tatu zilizozungushiwa karatasi nyeusi: moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya mvua yenye udongo, moja ya maji ya mvua yenye mbolea. Katika kila moja tieni shina la matembele, mkazibe midomo kwa pamba. Wanafunzi wapime urefu kila Jumatatu na kuuandika. Baada ya majuma sita watajua wenyewe kile alichokitafuta Woodward, nao hawatauita tena udongo uchafu.