Kikulacho Kambare Ki Majini Mwake

Je, wajua kwamba kambare wa bwawani hujitilia sumu mwenyewe? Yeye hutoa amonia kupitia matamvua yake. Mabaki ya chakula yakioza, amonia huzidi, na maji yakipata joto ukali wake huongezeka. Kambare ni mvumilivu, hafi upesi. Hapo ndipo mfugaji hudanganyika! Kumbe samaki ameishiwa na hamu ya kula, sasa anatumia protini na mafuta ya mwili wake ili aishi. Nyama hubaki na maji mengi na lishe haba. Basi wenzangu, tusimlishe kupita kiasi, na maji tuyabadilishe mara kwa mara. La sivyo, mama atalipia kilo nzima sokoni, kumbe sehemu kubwa kanunua maji!