Chuo Binafsi Uingereza: Njia ya Mkato au Shimo la Hela?

Simu iliingia saa nne usiku, nikiwa nimeshavaa khanga yangu ya kulalia. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Milton Keynes. Huyu kazaliwa Uingereza na pasipoti yake ni ya kule, lakini akikasirika Kiswahili chake ni cha Tanga kabisa.

"Dada, nimegombana na shemeji yako. Na safari hii si mambo ya vyombo."

Kisa chenyewe? Ana miaka 31, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na anataka kurudi shule kusoma sheria. Kapata chuo binafsi kinachotoa shahada kwa miaka miwili badala ya mitatu. Mumewe, ambaye ni dereva wa basi, anasema pesa waliyoweka benki ni ya kuanzia kununua nyumba, haiguswi. "Kaniambia nichague, nyumba au cheti!"

Mpenzi msomaji, wengi wetu tuna kaka, dada au rafiki kule, na maneno haya yanawakuta. Nikaamua kulifuatilia suala lenyewe kabla sijatoa ushauri wa kishangazi.

Kwanza tuelewane

Kwetu ukisema chuo binafsi hakuna anayeshtuka. Uingereza ni tofauti. Kwa muda mrefu chuo binafsi kilichokuwa na hadhi ya chuo kikuu kilikuwa kimoja tu, Buckingham, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1976 na kupata hati ya kifalme mwaka 1983. Margaret Thatcher ndiye aliyekifungua, na baadaye akawa mkuu wake. Wengine wamekuja juzijuzi tu: University of Law ilipata jina la chuo kikuu mwaka 2012, BPP na Regent's mwaka 2013.

Sababu ya kuongezeka ni ada. Mwaka 2012 kikomo cha ada katika vyuo vya umma vya England kilipanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na 2025/26 kikafika pauni 9,535. Zamani chuo cha umma kilikuwa cha bei chee na binafsi kilikuwa cha wenye nazo. Sasa pengo limepungua, watu wameanza kulinganisha.

Utamu wake

Cha kwanza ni muda. Shahada ya miaka miwili maana yake unaingia kazini mwaka mmoja mapema, na kodi ya nyumba ya mwanafunzi unailipa miaka miwili tu. Kwa mtu mwenye miaka 31, mwaka mmoja si mchezo.

Cha pili ni ukaribu. Vyuo vingi vya aina hii ni vidogo, mwalimu anakujua kwa jina. Buckingham ilipoingizwa kwa mara ya kwanza kwenye uchunguzi wa kitaifa wa kuridhika kwa wanafunzi, mwaka 2006, iliongoza.

Uchungu wake

Hapa ndipo nilipomwelewa shemeji. Serikali inakopesha ada, lakini si kwa usawa. Kikisajiliwa kwenye kundi lenye kikomo cha ada, unakopeshwa ada yote. Kikiwa kwenye kundi linalojipangia ada, mkopo kwa kozi ya kawaida ni pauni elfu sita na kitu tu kwa mwaka, na kwa kozi ya haraka unaongezeka kidogo. Kinachobaki unatoa mfukoni. Hapo ndipo akiba ya nyumba inapoyeyuka, tena bila kelele.

Halafu, deni la serikali lina huruma fulani. Aliyeanza masomo England tangu 2023 anakatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na lililobaki linafutwa baada ya miaka 40. Pesa uliyotoa benki haifutwi na mtu. Ila kwa familia za Kiislamu zinazokwepa riba hesabu ni nyingine: wanaolipa taslimu wanatazama jumla, na hapo miaka miwili inaweza kuwa nafuu.

Tena, vyuo binafsi ni biashara, na biashara hufa. GSM London, kilichokuwa na maelfu ya wanafunzi, kilifungwa mwaka 2019. Na mwaka 2014 wakaguzi wa hesabu za serikali walikuta vyuo 9 vya aina hii ambako zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya watano waliacha masomo njiani.

Na hiyo miaka miwili yenyewe, bwana, haina likizo ndefu ya kiangazi. Unasoma karibu wiki 40 kwa mwaka. Kibarua cha kuongezea kipato kitafanyika saa ngapi? Na huyo mwenzako utamwona lini?

Kabla hujalipa hata senti

* Angalia daftari la Office for Students, msimamizi wa vyuo vya England tangu 2018. Chuo hakimo? Achana nacho. Kimo? Tazama kiko kundi lipi.
* Uliza nani anatoa shahada: chuo chenyewe, au chuo kingine kwa niaba yake?
* Omba mpango wa maandishi unaoeleza utahamishiwa wapi wakifunga.
* Anayekupigia simu mara tatu kwa siku eti punguzo linaisha Ijumaa, ni muuza duka. Mdogo wangu alipigiwa hivyohivyo.

Kwa hiyo, inafaa?

Kwa kijana wa miaka 18 mwenye alama nzuri, naona chuo cha umma bado kinashinda: jina linalojulikana, vilabu, marafiki wa maisha. Mskochi anayesoma kwao halipishwi ada, ndiyo kabisa asijisumbue. Lakini kwa mtu mzima anayejua anachokitaka, asiye na muda wa kupoteza, akikuta kozi kwenye chuo kilichosajiliwa ambayo mkopo unafunika ada yote, nasema aitazame kwa makini.

Jambo moja lilimshangaza mdogo wangu. Tangu mwaka 2021, kuwa wakili wa kawaida England kuna mtihani mmoja wa taifa, na shahada ya fani yoyote inakubalika, pamoja na miaka miwili ya kazi ya vitendo. Kumbe jina la chuo si kila kitu.

Jumapili walikaa mezani, karatasi moja, kalamu mbili. Chuo cha wapiga simu kilikatwa. Kikabaki kimoja cha miaka miwili kilicho ndani ya kikomo cha ada, na akiba ya nyumba ikabaki benki. Ndipo shemeji akatoa la moyoni: "Niliogopa ukishakuwa wakili, utaona umeolewa na dereva."

Mdogo wangu anasema alilia. Kumbe wiki zote zile walikuwa wakigombania ada, na ada haikuwa ugonjwa.

Siku hizi shemeji anapika Jumatatu na Alhamisi. Wali wake unaungua, lakini mwanafunzi halalamiki.