Ua bila nyasi, kuku bila kudonoana

Ukipita nyuma ya maduka ya Busia, Namanga au Rusumo utakuta ua wa aina moja: vyumba vya kupanga pande tatu, bomba la maji katikati, kamba za nguo, na ardhi iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa mpakani wanafugia kuku wao wanane, kumi, kumi na tano. Wanaondoka alfajiri na mizigo, wanarudi magharibi. Kuku wanabaki na siku nzima, na hawana jani hata moja la kudonoa.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuku wa namna hiyo anakosa chakula tu, hivyo akimwagiwa pumba asubuhi mambo yamekwisha. Lakini kinachomsumbua zaidi ni kukosa kazi. Kuku ametokana na ndege wa msituni, na hata yule aliyezaliwa kwenye mashine bado ana miguu ya kuparua na mdomo wa kutafuta. Palipo na nyasi, sehemu kubwa ya mchana anaparua, anageuza majani, anafukuza panzi. Ukimweka kwenye udongo mtupu, ule mdomo unahamia kwa mwenzake. Manyoya ya mgongoni na karibu na mkia yanaanza kung'olewa, damu inatoka, na kuku wakiona damu hawaachi. Mfugaji akirudi jioni anakuta kuku mmoja amejikunyata pembeni, mkia wazi. Huyo atengwe siku hiyo hiyo mpaka kidonda kikauke. Baada ya hapo itafutwe sababu, ambayo mara nyingi ni msongamano, upungufu wa protini, au kukaa bure tu.

Dawa rahisi ni kuwarudishia kitu cha kuparua. Maranda ya mbao, pumba za mpunga, majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yakitandazwa kwenye kona moja ya ua, kimo cha sentimita 10 au zaidi, yanageuka shamba. Nafaka kidogo ikirushwa humo badala ya kuwekwa kwenye chombo, kuku watashughulika kwa saa kadhaa kwa kiganja kimoja cha mtama. Tandiko hilo likae kavu. Likilowa linatoa harufu kali inayochoma macho ya kuku na kuwaudhi majirani, na katika ua wa wapangaji jirani akichoka na harufu ufugaji umefika mwisho. Kona yenye kipande cha bati juu yake inatosha. Baada ya miezi michache tandiko likichakaa ni mbolea, na wenye bustani huinunua.

Ua wenyewe hautofautiani kidogo. Busia mvua ikinyesha udongo unakuwa matope. Hapo kuku wanahitaji mbao au mawe bapa ya kusimamia, maana miguu inayolala kwenye unyevu huugua. Namanga ni vumbi na jua, na hapo kinachotafutwa kwanza ni kivuli na maji. Goma ni habari nyingine kabisa: mitaa mingi imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 ilimwaga moto wake hadi katikati ya mji. Mawe hayo hayashiki maji, hilo ni jema, lakini makali yake huchana nyayo, na jeraha likiingia uchafu unyayo unavimba. Mfugaji wa huko hana budi kubeba udongo kwa ndoo na kuutandaza pale kuku wanaposhukia kutoka kwenye fito zao za kulalia.

Kila ua, wa mawe au wa saruji, unahitaji bafu la vumbi. Kuku haogi kwa maji. Anajigaragaza kwenye vumbi ili kuwatoa chawa na utitiri. Beseni kuukuu au tairi lililokatwa likijazwa udongo mkavu, mchanga na majivu ya kuni linafaa sana. Yasiwe majivu ya plastiki wala taka za sokoni. Mfugaji anayetaka kujua kama kuku wake wana raha awatazame hapo: kuku anayejilaza kwenye vumbi, akafumba macho na kunyoosha bawa moja, hana shida kubwa.

Kuhusu majani, sokoni kuna zaidi ya yanayohitajika. Mchicha, ambao Goma wanauita lengalenga na Kampala dodo, majani ya nje ya kabichi na sukuma wiki iliyonyauka hutupwa kila jioni. Yaoshwe, yafungwe kwa kamba na kuning'inizwa usawa wa kichwa cha kuku, ili arukeruke kuyapata. Yakitupwa chini yanakanyagwa na kuchafuliwa kwa dakika chache. Majani mabichi ndiyo yanayofanya kiini kiwe cha njano, na mnunuzi anayelipia yai la kienyeji bei ya juu hutazama kiini hicho kabla ya kurudi mara ya pili.

Hesabu ya chakula ni muhimu kwa sababu ua mtupu haumsaidii mfugaji kwa lolote. Kuku mmoja wa mayai anakula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku kumi wanamaliza mfuko wa kilo 50 kwa siku kama 41. Maji ni takriban lita mbili na nusu kwa siku kwa kuku hao kumi, na siku ya joto kali yanaweza kufika mara mbili. Mfanyabiashara anayeshinda upande wa pili wa mpaka aache vyombo viwili kivulini, maana kimoja kitapinduliwa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, au ya konokono wa ziwani, huongeza chokaa ili yai lisiwe laini.

Kuna tahadhari moja inayowahusu wafanyabiashara wa nafaka hasa. Mahindi yaliyoota ukungu, yale yaliyokataliwa sokoni, huishia kwa kuku kwa sababu ni ya bure. Sumukuvu iliyosababisha Kenya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021 haichagui: inaharibu ini la kuku, inapunguza utagaji na kuua vifaranga. Afadhali hasara ya gunia.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, hupita mlangoni pamoja na mwenye nyumba. Mchuuzi wa kuku akishindwa kuuza watano, huwarudisha nyumbani na kuwaachia pamoja na wake. Kuku waliokaa kwenye tenga moja na kuku wa vijiji kumi wanaweza kuleta mdondo, ambao pia huitwa kideri, na ugonjwa huo humaliza ua mzima ndani ya siku chache. Hauna tiba. Wageni wakae banda la peke yao wiki mbili, walishwe mwisho, na viatu vya sokoni visiingie kwa kuku. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine nyingi, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa familia moja, hivyo wapangaji wakichanga inakuwa nafuu, na hakuna kuku wa jirani anayebaki bila kinga.

Woga wa magonjwa ya ndege ndio pia unaofanya forodha kuwa wakali. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Tanzania kutoka Kenya viliteketezwa Namanga. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakiondoi haja ya kibali cha daktari wa mifugo. Anayetaka kuongeza kuku wake kumi kwa vifaranga vya ng'ambo aanzie kwenye ofisi hiyo, kabla ya kununua tenga.